Bwana Msa na Fundo la Nasaba

Katika mchezo wa vitendawili, anayetega huwa na raha kuliko anayetegewa, maana jawabu analo mwenyewe kinywani. Hutega, hadhira ikashindwa, naye akadai apewe mji. Akishapewa hujitapa nao kidogo, kisha hutoa jawabu, na jawabu likishatoka kila mtu hujipiga paji la uso, kwani lilikuwapo mbele ya macho yake muda wote. Riwaya ya upelelezi ni kitendawili kirefu cha namna hiyo. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alikitega mara saba vitabuni, na fumbo lake la kwanza aliliweka katika jina la mpelelezi wake. Bwana Msa, kwa sikio la Mswahili, ni Musa aliyefupishwa kwa mazoea ya mtaani. Lakini mwenye kuzipanga herufi za mwanzo za jina la mtunzi, M, S na A, hulipata neno lile lile. Jina moja limekaa juu ya jalada na jingine limekaa ndani ya hadithi, na wasomaji wengi wamepita baina ya hayo mawili bila ya kutanabahi kwamba ni moja.

Vitabu vyenyewe vyajulikana. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, kikachapishwa mwaka 1960. Kikafuatiwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na hatimaye Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa vitabu hivi Abdulla huitwa baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, na papo hapo, aghalabu katika sentensi ile ile, huambiwa kwamba Bwana Msa wake ni Sherlock Holmes aliyevuka bahari. Ni sifa na lawama zilizotiwa katika kikombe kimoja. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake huonekana haraka mno, hata msomaji akaridhika nao na kukifunga kitabu kabla ya kuliona jambo ambalo Holmes hakulijua wala hakulihitaji.

Kwanza tuukubali ukweli huo. Bwana Msa huvuta kiko, na akiwa na kiko mdomoni ndipo fikra zake hupanda. Anaye sahibu yake, Najum, mtu wa heshima na mwenye akili za kutosha, ambaye kazi yake kubwa ni kustaajabu kwa niaba yetu, kama Daktari Watson alivyostaajabu kwa niaba ya Waingereza. Yuko Inspekta Seif, mtu wa serikali, mwenye dhamana ya sheria na upungufu wa subira, kama Lestrade wa Scotland Yard. Bwana Msa mwenyewe si askari, hana cheo wala hati ya kumkamata mtu. Huingia katika mambo kwa mapenzi ya fumbo, kama Holmes alivyoingia tangu alipotokea mara ya kwanza katika kitabu cha Arthur Conan Doyle cha mwaka 1887. Na mwisho wa kila kisa wahusika hukusanywa, Bwana Msa akazungumza, uzi ukavutwa, na kila fundo likafunguka kwa zamu yake. Mwenye kukataa kwamba haya yametoka London anajitia upofu.

Wala kuazima si aibu. Fasihi ya Kiswahili imeazima bahari na jangwa, Uajemi na Hijazi, na haikuwahi kuomba radhi. Swali la haki kwa mwenye kuazima ni moja: alipoleta chombo nyumbani, alikitumia kwa kazi gani? Ili kulijibu, yafaa kuziweka riwaya mbili ubavu kwa ubavu: ile ya Doyle ya mbwa wa ukoo wa Baskerville, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la The Strand kuanzia mwaka 1901 na kuwa kitabu mwaka 1902, na Mzimu wa Watu wa Kale.

Kwa nje riwaya hizi ni ndugu. Katika ya kwanza, bwana wa jumba kubwa huko Devon anakutwa amekufa, na watu wa nchi ile wananong'ona kwamba ameuawa na mbwa wa kichawi aliyeuandama ukoo wake tangu zama za babu zao. Katika ya pili, tajiri mwenye mashamba anakutwa maiti penye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri zao, na hofu ya mahali pale inakuwa pazia la kumfunika muuaji. Katika zote mbili mpelelezi anakataa kuiachia hofu kazi ya kutoa jawabu. Anasema, kwa vitendo, kwamba mkono uliofanya ni mkono wa mtu.

Tofauti huanza pale tunapouliza hofu hiyo ni mali ya nani. Mbwa wa Baskerville ni kisa cha ukoo mmoja, kimeandikwa katika karatasi kuukuu na kusomwa kando ya moto. Akishapigwa risasi, na ikishajulikana kwamba mwanga uliomtoka kinywani ulikuwa ni dawa aliyopakwa, kisa kimekwisha na msomaji wa London hulala usingizi. Mzimu haufi namna hiyo. Neno lenyewe, katika Kiswahili cha Unguja, hubeba mambo mawili kwa pamoja: roho ya waliotangulia, na mahali panapowekwa ubani na chetezo kwa ajili yake. Mtunzi alizaliwa Makunduchi, mji ambao hadi leo kila Julai huadhimisha Mwaka Kogwa kwa kuchoma kibanda cha makuti na kupigana kwa migomba. Hakuhitaji kuisoma mila katika kitabu ndipo aijue. Bwana Msa anapoondoka penye mzimu, muuaji amekwisha kujulikana, lakini mzimu wenyewe umebaki pale pale na vitambaa vyake. Riwaya haikuuvunja wala haikuusujudia. Imesema tu kwamba haukuua. Kwa kitabu kilichoandikwa katika miaka ambayo wenye elimu ya shule walizoea ama kuidhihaki mila au kuificha, huo ni uadilifu wa nadra.

Na hapa pana kichekesho ambacho Bwana Msa mwenyewe angekivutia kiko. Doyle, aliyemuumba mpelelezi asiyekubali ila ushahidi, alimaliza maisha yake akiwa mhubiri wa mizimu ya kizungu, na mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kutetea picha za watoto waliodai kuwaona vijini bustanini. Mzungu wa London alianzia kwenye akili akaishia kwenye pepo, ilhali mwana wa Makunduchi alianzia jirani ya mzimu akamleta mtu mwenye kupima na kupambanua. Anayedhani kwamba hoja na ushahidi ni bidhaa iliyoshushwa bandarini kutoka Ulaya hana budi kulizingatia hilo.

Tofauti ya pili ndiyo kubwa zaidi. Holmes ni mtu wa jicho. Hutazama matope ya kiatu, majivu ya tumbaku, kwato za farasi. Anajisifu kwamba aliwahi kuandika kijitabu juu ya aina 140 za majivu. Hata jambo la nasaba huligundua kwa jicho. Katika kisa cha Baskerville fumbo zima hufunguka anaposimama mbele ya picha ya kale ukutani, akaziba kofia na nywele kwa mkono wake, na uso wa jirani mmoja ukajitokeza katika uso wa babu aliyekufa zamani. Muuaji ni wa ukoo ule ule, anangojea urithi. Nyumba ya bwana mkubwa wa Kiingereza huwa na picha za mababu, na mwenye jicho husoma.

Katika nyumba za Unguja za zama hizo mababu hawakutundikwa ukutani. Walihifadhiwa katika majina. Mtu ni fulani bin fulani bin fulani, na ushahidi wa kwamba ni kweli ni kauli ya bibi, kumbukumbu ya mkunga, hati ya kadhi, na minong'ono ya jirani. Kwa sababu hiyo Bwana Msa, ijapokuwa hulitumia jicho, ni zaidi mtu wa sikio. Hukaa, huuliza habari za mtu na mamaye, huacha kikongwe azungumze hata apitilize, hulidaka neno moja lililotoka kombo na kulirudia usiku pamoja na Najum. Visa vya mfululizo huu, tangu mwanzo hadi mwisho, vimesukwa kwa urithi, ndoa za siri, wana waliofichwa na majina yasiyo ya wenyewe. Mwenye kuuliza nani kaua hugundua kwamba ameulizwa swali jingine kabla yake: huyu ni mwana wa nani?

Anwani zenyewe zatoa ushahidi. Mke Mmoja Waume Watatu ni kitendawili kilichotimia, maana kwa sheria ya Kiislamu jambo hilo haliwezekani, na msomaji wa Pwani hushikwa na fumbo kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza. Mwana wa Yungi Hulewa ina mlio wa methali, na neno lake la kwanza ni mwana. Duniani Kuna Watu ni kauli atoayo mtu akishatikisa kichwa, akishindwa kuelewa binadamu mwenziwe amewezaje kutenda alilotenda. Siri ya Sifuri huweka siri ndani ya kitu ambacho hesabu yasema si kitu. Na Kisima cha Giningi hulitaja lile pahala ambalo kila mtoto wa Kizanzibari amelisikia na hakuna aliyelifika: Giningi, nchi ya wachawi, isiyoonekana ila kwa wenyewe. Mtunzi wa mashairi akizisoma anwani hizi moja baada ya nyingine hutambua mara moja kwamba aliyezitunga alilelewa katika mafumbo kabla ya kuazima kiko.

Majina ya wahusika watatu wa kudumu nayo yastahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Seif, kwa Kiarabu, ni upanga, na upanga ni dola. Najum ni jina lenye asili moja na nyota, na kutoka asili hiyo tumepata mnajimu na unajimu, elimu ya kutafuta juu mbinguni habari za walio chini. Baina ya upanga na nyota yumo Msa, asiye na nguvu ya kwanza wala utabiri wa ya pili, na kazi yote huifanya yeye. Haijuzu kudai kwamba mtunzi aliyapanga haya kwa makusudi, lakini lugha huwa na makusudi yake.

Ama jina la Musa, katika visiwa hivi haliwezi kusikika bila ya kukumbusha kisa ambacho watoto hufundishwa chuoni, kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema aliyefuatana naye, wengi humwita Khidhr. Musa aliwekewa sharti asiulize, na kila alipoona jambo la ajabu alishindwa kujizuia akauliza: jahazi lililotobolewa, kijana aliyeuawa, ukuta uliosimamishwa bila ya ujira. Mwisho wa safari alifasiriwa yote matatu, na kila kilichoonekana dhuluma au upuuzi kikawa na sababu. Mswahili aliyekua na kisa hicho hakumngojea Doyle ndipo aujue utamu wa mambo yaliyotatanishwa mwanzo na kufasiriwa mwisho. Lakini zingatia tofauti. Katika kisa cha Qur'ani ni yule mwenzake ajuaye, na Musa ndiye mwenye pupa ya kuuliza. Msa wa Abdulla amepewa kazi zote mbili: kuuliza bila ya kujizuia na kufasiri mwisho wa safari. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa mfululizo huu, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Hatari, kwa sababu kisiwa si London. Mji mkubwa huzaa siri kwa kuwa watu hawajuani. Kisiwani watu wanajuana mno, na siri hudumu kwa makubaliano. Jirani anajua, mkunga anajua, imamu anashuku, na wote hunyamaza kwa sababu kumsitiri mwenziwe ni thawabu na kumfedhehesha ni dhambi. Sitara ni adabu ya mahali ambapo hakuna pa kukimbilia, na kesho utakutana na mtu yule yule msikitini, sokoni na mazikoni. Mpelelezi anayekuja kufunua haufunui uovu wa muuaji peke yake. Anafunua tumbo la mwanamke aliyekwisha kuzeeka, jina la kijana aliyedhani ana baba, talaka iliyozikwa. Doyle hakuwa na tatizo hili, kwani Holmes humaliza kazi akapanda treni. Bwana Msa hubaki.

Hapa maisha ya mtunzi yana neno la kusema. Baada ya shule, mwaka 1938, Abdulla aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akafanya kazi hiyo miaka 10. Bwana afya ni mtu wa ajabu katika mji wa Kiswahili. Si polisi, lakini hupiga hodi na kufunguliwa. Huingia uani ambako mgeni haingii, hutazama kisima, choo na jaa, huuliza nani analala wapi. Anayejua uani huyajua mengi. Kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika muongo uliofuata alisaidia uhariri wa magazeti mengine, yakiwamo Al-Falaq na Afrika Kwetu, kabla ya kushika mwaka 1958 uhariri wa Mkulima, alioutumikia hadi mwaka 1968.

Yafaa kusimama kidogo kwenye majina hayo mawili. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Jumuiya ya Waafrika. Katika miaka ya 1950 magazeti hayo hayakuwa yakisomwa kwenye baraza moja, na mtu aliyekaa kwenye meza zote mbili aliwasikia watu wa pande zote wakizungumza habari za wenzao wasipokuwapo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kile ambacho wazee bado wanakiita Zama za Siasa kikaanza: watu waligomeana maduka, wakagomeana harusi na maziko, na swali la asili ya mtu, lililokuwa zamani la mzaha wa utani, likawa swali la kisu. Mashindano ya uandishi ambayo Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda ni ya mwaka huo na uliofuata. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na wapo walioishi na waliokufa kwa jawabu la swali hilo.

Wahakiki wa miaka ya Ujamaa walimlaumu Abdulla kwamba hakuandika habari ya hayo. Walipomlinganisha na wenziwe wa visiwani waliofuata, Mohamed Suleiman Mohamed mwenye Nyota ya Rehema (1976), Shafi Adam Shafi mwenye Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Said Ahmed Mohamed mwenye Utengano (1980), walimwona ni mtu aliyebaki akicheza na mafumbo ilhali nyumba imebadilika. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mashamba yaliyokuwa ya mabwana yalikatwa eka tatu tatu na kugawiwa, na tajiri mwenye minazi na mikarafuu, ambaye kifo chake kilifungua mfululizo, hakuwapo tena katika nchi ya wasomaji wa Kisima cha Giningi. Riwaya hazikuligusa hilo kwa uwazi. Mtu mwenye haki ya kuuliza maswali yote hakuuliza lile lililokuwa kubwa kuliko yote.

Lakini msomaji mvumilivu ataona kwamba swali hilo liliulizwa kwa njia ya pembeni, tena mara saba. Katika nchi ambayo nasaba ilifanywa hukumu, palikuwa na mtunzi aliyeendelea kusema, kitabu baada ya kitabu, kwamba nasaba ni jambo la kuchunguzwa. Aliyejiita mwana wa fulani si wake. Aliyedharauliwa uani ni wa damu ile ile ya aliyeketi barazani. Mrithi ni mgeni na mgeni ni mrithi. Mtu akishasoma visa vitatu au vinne vya namna hii, huanza kumtazama kwa shaka kila anayedai kuijua asili ya mwenziwe kwa kumwangalia pua. Haikuhubiriwa mahali popote, na pengine ndiyo maana ilipita. Mapenzi ya ushahidi, katika miaka ambayo watu walihukumiwa kwa ubini, si mchezo wa mtu aliyekimbia dunia.

Kusema hivyo si kuzifunika kasoro. Bwana Msa hakui. Aliyetokea mwaka 1960 ndiye aliyerudi mwaka 1976, na kiko chake, bila ya jeraha wala toba. Najum hubebeshwa ujinga kupita kiasi, kana kwamba urafiki wa miaka mingi na mwenye akili haukumwambukiza chochote. Maelezo ya mwisho mara nyingine hurefuka hata yakawa hotuba, na msomaji aliyekwisha kulipata jawabu hulazimika kungoja kama abiria wa jahazi lililokosa upepo. Zaidi ya yote, fundo la nasaba hukazwa mno. Mtunzi aliyeyapenda mafumbo husahau wakati mwingine kwamba mama aliyemficha mwanawe si pingili ya kitendawili tu, ni mtu mwenye usiku wake wa kulia. Siri zake hufunuliwa, zikapangwa vizuri mezani, na machozi yake hayapewi ukurasa. Sitara ilipovunjwa palistahili kuwapo gharama, na Abdulla, kwa haraka ya kutegua, mara nyingi hakuihesabu.

Upande wa Lugha, hata hivyo, hana deni. Waliomfuata bara walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alimleta Inspekta Wingo, mtu wa polisi wa mji mpya. Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi wa taifa mwenye bastola. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea kama Msa, lakini wa hoteli, ndege na hatari za haraka. Hao wana mbio ambazo Bwana Msa hana. Yeye ana kitu ambacho wao hawakuwa na wakati nacho: mazungumzo. Wahusika wa Abdulla huzungumza Kiswahili cha watu waliokaa, chenye kejeli iliyovishwa adabu, methali iliyoachwa nusu ili mwenziwe aimalizie, salamu inayopima kabla ya kusalimu. Kwa kijana wa leo anayejifunza kuandika, kurasa hizo ni chuo. Mhalifu wao hujisaliti kwa namna alivyosema, na mwenye sikio zito hatamkamata.

Labaki neno juu ya kitabu cha mwisho. Mfululizo ulioanza kwa mzimu na watu wa kale ulifungwa mwaka 1984 kwa anwani ya maneno manne, Kosa la Bwana Msa. Kabla ya hapo jina la mpelelezi halikuwahi kuwekwa juu ya jalada. Vitabu sita vilipewa majina ya mafumbo aliyoyategua, na cha saba ndicho kilichomtaja mwenyewe, kikamtaja pamoja na kosa. Doyle alipomchoka Holmes, mwaka 1893, alimtumbukiza katika maporomoko ya maji, kisha akalazimika kumfufua mwaka 1903. Abdulla hakumuua wa kwake. Alimpa kitu ambacho wapelelezi wa vitabuni hunyimwa, haki ya kukosea.

Na tukumbuke jina hilo ni la nani. Herufi zile tatu zilizokaa kimya tangu mwaka 1960 zilipanda hatimaye juu ya jalada, chini ya jina kamili la mtunzi, na kosa likaandikwa kuwa ni lao. Pengine alikusudia, pengine hakukusudia. Lakini mtu aliyetega mara sita na kujitapa mara sita, mara ya saba alikubali mbele ya hadhira kwamba naye aweza kushindwa. Katika mchezo wa vitendawili, huko ndiko kutoa mji.